Mshahara wa kuanzia kwa mtaalamu wa usafi wa meno serikalini: angalia nini kabla ya kukubali

"Mama munganga, jambo sana. Nina miaka 24, ninakaa Katuba, Lubumbashi, hapa Kongo. Nilimaliza ITM, shule ya sekondari ya uuguzi, nina diploma A2. Miaka miwili sasa ninasaidia kwenye kabine ya meno ya mtu binafsi mjini. Nimejifunza kusafisha vyombo, kukwangua ugaga (uchafu ulioganda kwenye meno) na kuwafundisha wagonjwa kupiga mswaki. Sina mkataba, napewa mafranga mwisho wa mwezi kufuatana na wagonjwa waliokuja. Sasa hospitali moja ya serikali inanitaka katika huduma yake ya meno. Wanasema nianze tu na primu (malipo ya nyongeza) ya hospitali, mambo ya mshahara na matrikule (namba ya mtumishi wa serikali) yatakuja. Mtu mwingine ananiambia nilipie kwanza mafunzo ya miezi sita nipate breve (cheti) ya usafi wa meno, eti nikiwa nayo nitaanzia juu. Kwenye simu nimeona kwamba Marekani watu wa kazi hii wanalipwa kuliko madaktari wetu. Mama anasema kazi ya serikali haikataliwi. Mshahara wa haki wa kuanzia ni kiasi gani, na shule gani inatosha?"

Jambo sana, mwanangu, na asante kwa kueleza kila kitu wazi. Nikikusoma vizuri, si franka peke yake zinazokusumbua. Unaogopa kuukataa mlango wa serikali halafu usifunguliwe tena. Unaogopa pia kuingia, ukachapa kazi miaka na miaka, na jina lako lisiwe popote. Hofu zote mbili zina msingi. Mimi ni daktari wa meno, nimeongoza huduma ya meno katika hospitali ya serikali, nimefundisha vijana wa kazi hii, na nimeona wenye mikono mizuri kabisa wakilea watoto kwa primu tu, bila siku hata moja kuitwa benki kuchukua mshahara.

Kwanza tuondoe wazo kwamba mkurugenzi wa hospitali ndiye anayepanga mshahara wako. Hawezi, hata akikupenda namna gani. Serikalini mshahara wa kuanzia haujadiliwi mezani. Unafuata gredi, na gredi ya kuingilia inafuata diploma uliyoonyesha ulipokubaliwa kuwa mtumishi. Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayowasimamia watumishi wa kudumu wa serikali. Mwenye diploma ya sekondari, kama A2 yako, huingia katika ngazi ya agent. Mwenye diploma ya chuo, gradua au lisansi, huingia katika ngazi ya juu zaidi, ya attaché. Kati ya ngazi hizo mbili kuna pengo ambalo juhudi peke yake haizibi. Kwa hiyo umeniuliza maswali mawili, la mshahara na la shule, lakini kwa kazi ya serikali ni swali moja. Mshahara wako wa kuanzia unaandikwa shuleni, kabla hujavaa blauzi ya hospitali.

Sasa nikueleze fedha ya mfanyakazi wa afya wa serikali inatoka wapi, maana watu wanaichanganya, na wakubwa wengine wanafaidika na mchanganyiko huo. Kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni mshahara wenyewe, unaotoka kwa serikali na kupitia benki. Wa pili ni primu ya hatari, nayo ya serikali, lakini iko kwenye orodha yake peke yake: kuna watu wanaopata primu ya hatari bila mshahara, na wengine mshahara bila primu. Wa tatu ni primu ya mahali, ile ya hospitali. Hiyo haitoki Kinshasa. Inatoka mfukoni mwa wagonjwa. Wanalipa fishi (kadi ya mgonjwa), wanalipa kung'oa jino, wanalipa maabara. Hospitali inatoa gharama zake za dawa na matumizi, inapeleka sehemu kwa ngazi za juu, na kinachobaki kinagawanywa kwa wafanyakazi kwa pointi. Pointi zinahesabiwa kwa diploma, cheo, miaka ya kazi na kuhudhuria, kila hospitali na jedwali lake.

Wanachokupa wewe ni mfuko wa tatu peke yake. Haimaanishi wanakudanganya. Lakini elewa tabia ya mfuko huo. Septemba, wazazi wanapolipa shule, wagonjwa wa meno wanapungua, kwa sababu mtu huvumilia jino kabla ya kuvumilia mtoto kufukuzwa darasani. Januari baada ya sikukuu ni hivyo hivyo. Na huduma ya meno hata ikiingiza fedha nyingi, fedha hiyo inaingia kwenye kapu la hospitali nzima. Mwezi ambao mikono yako imefanya kazi kuliko wote unaweza kuwa mwezi unaopata kidogo.

Hilo neno "yatakuja" lina ngazi zake, na uzijue kwa mpangilio. Kwanza barua ya kupangiwa kazi iliyosainiwa na mamlaka ya afya, kwa kwenu Division Provinciale de la Santé ya Haut-Katanga, si karatasi ya mkurugenzi peke yake. Baadaye hati ya kukubaliwa kuwa mtumishi, yenye gredi na namba ya matrikule. Mwisho ni kile wanachokiita mekanizasyo, yaani jina kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Mtu anaweza kukaa miaka kwenye ngazi ya kwanza. Hao ndio wanaoitwa "nouvelles unités", yaani watumishi wapya, na usishangae kukuta mmoja mwenye mvi. Na miaka yake ya utumishi, ile inayohesabiwa kwa kupanda cheo na kwa pensheni, haianzi siku aliposhika mgonjwa wa kwanza. Inaanza kwa hati. Ukifanya kazi bila karatasi yoyote, mbele ya serikali hujaanza kazi.

Haki basi ni nini hapa? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 36, inasema serikali inahakikisha malipo ya haki na ya kutosha, yanayomwezesha mfanyakazi na jamaa yake kuishi kwa heshima ya binadamu. Hayo ni maandishi, na ninajua umbali uliopo kati yake na bei ya mfuko wa unga. Lakini nakupa kipimo unachoweza kukitumia wewe mwenyewe, na ni bora kuliko namba ambayo ningekuandikia ikapitwa na wakati mwezi ujao. Nenda katika hospitali hiyo, utafute muuguzi mwenye diploma kama yako na fundi wa maabara mwenye diploma kama yako. Uulize wana gredi gani, wana pointi ngapi katika primu ya mahali, na kama wako kwenye orodha ya primu ya hatari. Huduma ya meno ikikupa pointi chini yao, si haki, na usikubali maelezo kwamba "wewe unasafisha meno tu".

Neno hilo, "tu", linaniudhi, na niseme kwa nini. Jino halioti tundu kwa sababu ya mdudu, kama wazee wanavyosema. Bakteria wa kwenye ukoga, uchafu laini wa meno, wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inamomonyoa jino. Ukoga usipoondolewa unaganda kuwa ugaga, fizi zinavimba, na pole pole mfupa unaoshika jino unaliwa. Mtu anapoteza meno mazima, hayana tundu hata moja. Mtaalamu wa usafi wa meno anafanya kazi pale ambapo ugonjwa bado unarudishika. Daktari kama mimi mara nyingi tunaletewa jino likiwa la kung'oa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilionyesha kwamba takriban asilimia 44 ya watu wa kanda ya Afrika wana ugonjwa wa kinywa, na madaktari wa meno hawafiki hata mmoja kwa kila watu 10,000. Kwa hesabu hiyo hakuna namna ya kutibu watu kwa madaktari peke yao. Na hatari ya kazi unaibeba sawa na mwenye maabara: damu, mate, sindano, ncha kali siku nzima, na ule ukungu unaotoka kwenye kifaa cha kukwangulia unaingia puani na machoni. Kama kuna mtu anayestahili primu ya hatari, ni huyo.

Kuhusu Marekani, ulichokiona kwenye simu hakiko mbali na ukweli. Mwaka 2023 mshahara wa katikati wa kazi hii kule ulikuwa dola 87,530 kwa mwaka. Ila wengi wao wanafanya kazi kwenye kabine za watu binafsi, wamesoma chuo kama miaka mitatu, wamepita mtihani wa taifa na wana leseni ya jimbo. Ukilinganisha dola hizo na primu ya hospitali ya Lubumbashi utaumia moyo bure. Cha kuangalia kwao ni njia waliyopita. Shule ya kwanza ya kazi hii ilifunguliwa na daktari wa meno Alfred Fones katika mji wa Bridgeport mwaka 1913, na wahitimu wake wakapelekwa shule za msingi za mji ule, kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha. New Zealand ilianza mwaka 1921 kufundisha wauguzi wa meno wa shule, miaka miwili, kwa ajili ya serikali yenyewe. Kenya ina maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaosomea diploma ya miaka mitatu. Popote kazi hii iliposimama imara, mafunzo yalikuwa na urefu unaojulikana na mhitimu alikuwa na cheo kinachojulikana. Kwetu mara nyingi tumechukua vyombo tukaacha cheo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye breve ya miezi sita. Usilipe. Huenda wanaoifundisha ni watu wazuri, huenda utajifunza kitu, lakini haitakupandisha gredi hata ngazi moja, kwa sababu serikali haihesabu breve ya kituo binafsi juu ya diploma ya sekondari. Aliyekuambia utaanzia juu, mwombe akuonyeshe mtumishi mmoja aliyeanzia juu kwa breve hiyo, na hati yake mkononi. Na hata tukiacha mambo ya gredi, miezi sita haitoshi. Kukwangua juu ya fizi unaweza kujifunza kwa kuangalia, kama ulivyofanya. Chini ya fizi, ambako ndiko ugonjwa uliko, unahitaji kujua umbo la mzizi usiouona. Unahitaji kujua nini kinatokea ukimkwangua mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijatulia, au mwenye ugonjwa wa valvu za moyo, au anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Unahitaji kujua kwamba kulowesha chombo cha chuma kwenye javeli (maji ya klorini) hakuui vijidudu vyote, kwamba javeli inakila chuma chenyewe, na kwamba otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inataka nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3, mvuke ukiwa umefika kweli ndani ya pakiti. Ninayasema haya kwa sababu nimeona kabine ambako vyombo vinasuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa, na aliyekuwa anavisuuza alikuwa msichana kama wewe, bila glavu nzito.

Shule inayobadilisha mshahara wako ni ile inayokutoa A2. Lubumbashi mna ISTM, chuo cha juu cha ufundi wa afya, cha serikali. Nenda ofisini kwao uulize mambo matatu: sehemu zipi zimefunguliwa mwaka huu, kama kuna inayohusu meno, na kama mwenye A2 anayefanya kazi anaweza kupanga stashi (mafunzo ya vitendo) yake katika huduma ya meno. Tangu vyuo vyetu vianze mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta) mwaka 2021, lisansi inachukua miaka mitatu, muda ambao zamani ulikupa gradua. Kama sehemu ya meno haipo, usihuzunike. Lisansi ya sayansi za uuguzi yenye stashi ndefu ya meno inakupa gredi leo, na mikono yako inabaki kwenye meno. Chuo binafsi nacho kinaweza kufaa, ila kabla ya kutoa franka moja omba kuona hati ya waziri inayokiruhusu kufundisha sehemu hiyo hiyo unayoitaka. Nimeona watu wakimaliza miaka yote wakaambiwa chuo kimeruhusiwa, ila sehemu yao haimo.

Ukipata nafasi ya kuchagua cha kujifunza zaidi, jifunze kuziba meno kwa vyombo vya mkono na simenti ya glasi ionoma. Njia hiyo ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na haihitaji umeme wala mashine ya kutoboa. Simenti hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, viko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima tangu 2021. Anayeweza kuifanya shuleni na katika kituo cha afya umeme ukiwa umekatika, hospitali itamtafuta. Ila ujue hii inahitaji ruhusa na usimamizi wa daktari, usianze peke yako.

Unaweza kusikia pia habari za Zambia, maana mpaka wa Kasumbalesa si mbali na wengi wanavuka. Lusaka kuna shule ya serikali inayofundisha matabibu wa meno, na kazi yao inatambuliwa na baraza la wataalamu wa afya la nchi ile. Ni mafunzo ya kweli. Lakini ni ya Kiingereza, ada ya mgeni si ya mwenyeji, na ukirudi itabidi diploma yako ilinganishwe na za kwetu kabla ya kuhesabiwa. Kama huna ndugu kule wa kukupa mahali pa kulala, mimi nisingeanza na njia hiyo.

Sasa kuhusu uamuzi. Mama yako ana sababu yake, na umheshimu: kwa umri wake ameona kazi ya serikali ikiwalinda watu hata ilipokuwa hailipi. Mimi naona hivi. Barua ya kupangiwa kazi kutoka Division ikiwepo, ingia, hata kwa primu ya mahali peke yake, lakini ingia ukiwa umejiandikisha ISTM, na uombe mkurugenzi akupangie zamu zinazokuruhusu kusoma. Mwulize ana kwa ana: pointi zangu ni ngapi, na jedwali liko wapi? Anayelificha jedwali la primu ana sababu ya kulificha. Barua isipokuwepo, usiache kabine kwa ahadi. Kuna gharama katika ushauri wangu na sitaificha. Wakati unasoma, hospitali inaweza kumchukua mwingine na orodha ikapita bila jina lako. Kwa upande mwingine, ukipewa gredi kwa A2 halafu ukapata diploma ya juu, kurekebisha gredi hakuji kwenyewe. Ni ombi, ni faili, na faili hutembea polepole kuliko mtu. Nikipima yote mawili, kwa miaka 24, napendelea hati ya gredi ichelewe kidogo, uipate ukiwa na diploma ya juu.

Na kabine unayofanyia kazi, mbona umeikubalia kila kitu? Mtumishi wa kudumu wa serikali hayuko chini ya sheria ya kazi ya 2002, lakini wewe wa leo uko chini yake. Una haki ya mkataba, ya kuandikishwa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), na ya kutolipwa chini ya kiwango cha chini cha taifa, ambacho mwaka 2018 kiliwekwa franka 7,075 kwa siku na mwaka 2025 kikapandishwa. Mgonjwa akija au asije, siku uliyofanya kazi ni siku. Anza kwa kuongea na daktari wako kwa adabu, mkiwa wawili, umwambie unataka karatasi. Wengi hawakatai wakiulizwa vizuri, walikuwa hawajaulizwa. Akikataa, wakaguzi wa kazi wa serikali, Inspection du Travail, wapo, na kuwauliza kiwango cha leo si kumshitaki mtu.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kukufanyia. Chukua diploma yako ya asili na nakala zake, karatasi ya maksi, na barua yoyote ya hospitali hiyo, uende mwenyewe kwenye ofisi ya wafanyakazi ya Division kuuliza kama nafasi hiyo ipo kwenye mpango wao au ni ya hospitali peke yake. Uende pia kwa mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi) wa hospitali, kwa sababu anajua nani aliingizwa lini na kwa hati gani. Mtu akikuomba fedha ili akuingize kwenye orodha, hata kama ni mwenye ofisi, ondoka. Orodha za malipo zinapitiwa na kuhakikiwa mara kwa mara, na jina lililoingia kwa dirisha ndilo linalotolewa kwanza, na fedha yako hairudi.

Jambo la mwisho haliwezi kungoja uamuzi wowote. Hukuniambia kama umechanjwa homa ya ini B. Kama bado, uliza kituo cha afya wiki hii: ni sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita tangu ya kwanza, na wa kulipia ni daktari unayemsaidia. Ukichomwa na chombo chenye damu, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, na uende hospitali saa hiyo hiyo kuomba dawa za kuzuia VVU. Zinafaa zikianza mapema, ikiwezekana ndani ya saa mbili, na baada ya saa 72 hazitolewi tena. Usingoje zamu iishe, na usione aibu kumwacha mgonjwa kwenye kiti.